Eduardo Mondlane: Mtu wa Kalamu na Karatasi Alizotuachia



Kamati ya jarida letu imenitaka safari hii niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, ili sisi wazee tukumbushane, na wadogo zetu walioko madarasani wapate cha kujifunza. Nimemchagua Dk. Eduardo Chivambo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichoikomboa Msumbiji. Hakusoma katika shule yetu, wala hakuzaliwa katika nchi hii. Lakini kazi kubwa ya maisha yake aliifanyia hapa Dar es Salaam, katika ofisi ambayo mtu huifikia kwa miguu akitoka soko la Kariakoo. Na ni hapa hapa Dar es Salaam alikouawa, tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu.

Wengi wamekwisha kuandika habari zake kwa upande wa vita na siasa. Mimi nitamweleza kwa upande ninaoufahamu zaidi, nao ni upande wa karatasi. Nilifanya kazi ya masjala kwa miaka mingi, kazi ya kupokea barua, kuzifungulia majalada, kuzipa namba na kuzitunza. Tangu nilipostaafu nimekuwa nikikusanya nyaraka za zamani zenye saini za watu walioshiriki katika ukombozi wa Afrika. Wenzangu wa rika langu wengine wanafuga kuku, wengine wanacheza bao. Mimi nafukua makaratasi. Katika shughuli hiyo jina la Mondlane huulizwa sana, lakini sababu ya kuulizwa kwake hainifurahishi. Wanunuzi wengi wanataka kitu kilichokuwa karibu na kifo chake. Kadiri karatasi inavyosogelea siku ya bomu, ndivyo bei inavyopanda. Nia yangu katika kurasa hizi ni kueleza kwa nini naona hesabu hiyo imegeuzwa juu chini.

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika wilaya ya Manjacaze, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu wa Watsonga. Utoto wake aliutumia kuchunga mifugo, na alikuwa kijana mkubwa kidogo alipoanza masomo katika shule za misheni ya Waswisi. Wakati ule serikali ya Wareno haikuwa na haja ya kumsomesha Mwafrika zaidi ya kumfundisha sala, hesabu kidogo na utii. Matokeo yake ni kwamba Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, zaidi ya watu 90 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Kijana aliyetaka elimu ya sekondari ilimbidi avuke mpaka. Mondlane alikwenda Lemana, katika Transvaal, Afrika Kusini, akasoma huko. Baadaye akaingia chuo cha Jan Hofmeyr mjini Johannesburg kujifunza ustawi wa jamii, na mwaka 1948 akajiunga na Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Kabla ya kufika chuo kikuu alikuwa amekwisha kuwa mwandishi. Mwaka 1946 kilitolewa nchini Uswisi, kwa Kifaransa, kitabu kinachosimulia utoto wake, alichokitunga pamoja na mmisionari André-Daniel Clerc. Humo yeye anajulikana kwa jina la Chitlango Khambane. Kwa mkusanyaji kitabu hicho ni kitu cha thamani, maana ni maandishi ya kijana ambaye dunia ilikuwa bado haijamjua kwa jina lake la kweli.

Masomo ya Witwatersrand hayakudumu. Mwaka ule ule wa 1948 chama cha Makaburu kilishika serikali ya Afrika Kusini, na mwaka 1949 Mondlane akafukuzwa nchini humo. Akarudi Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Huko akasaidia kuanzisha umoja wa wanafunzi Waafrika wa sekondari, na polisi wakamkamata na kumhoji. Nawaomba wadogo zangu mlifikirie jambo hili. Umoja wa wanafunzi, kitu ambacho ninyi mnacho na pengine mnakilalamikia kwa sababu mikutano yake ni mirefu, kwa Mondlane na wenzake ulitosha kuwafikisha mbele ya polisi.

Mwaka 1950 alikwenda kusoma Lisbon. Huko alikutana na wanafunzi wengine kutoka makoloni ya Wareno, akiwamo Amílcar Cabral wa Guinea na Cape Verde, na Agostinho Neto wa Angola. Vijana wale, kila mmoja kwa upande wake, walikuja kuongoza vyama vya ukombozi. Lakini polisi wa Lisbon nao hawakumpa nafasi ya kusoma kwa amani, na mwaka 1951 akahamia Marekani, katika chuo cha Oberlin kilichoko Ohio. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1953, akaendelea katika Chuo Kikuu cha Northwestern, na mwaka 1960 akapata shahada ya udaktari. Mchunga mifugo wa Manjacaze akawa daktari wa elimu akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1956 alikuwa amemwoa Janet Rae Johnson, Mmarekani, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Tangu mwaka 1957 Mondlane alifanya kazi Umoja wa Mataifa, New York, katika idara iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo, na Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955 kudai haki ya nchi yetu. Kazi ya idara ile ilikuwa kazi ya karatasi tupu: ripoti, malalamiko ya wananchi, majibu ya serikali, takwimu. Naamini ndiko Mondlane alikojifunza jambo ambalo karani yeyote mzuri wa masjala analijua, kwamba dai lisiloandikwa, likatiwa saini na tarehe, likahifadhiwa mahali panapojulikana, ni rahisi kukanushwa.

Mwaka 1961 alikwenda Msumbiji pamoja na mkewe. Wareno walimwacha apite kwa sababu alikuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa. Aliiona hali ya watu wake kwa macho yake, na mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu watu wapigwe risasi kule Mueda, Juni 1960, walipokusanyika kudai haki zao. Aliporudi Marekani aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa, maana mtumishi wa shirika lile hakuruhusiwa kufanya siasa, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Angeweza kubaki huko akala mshahara wake na kulea watoto wake. Wako wasomi wengi waliofanya hivyo, na hakuna aliyewalaumu.

Wakati huo vyama vitatu vya Wamsumbiji vilikuwa vimeanzishwa nje ya nchi yao, yaani UDENAMO, MANU na UNAMI. Kila kimoja kilikuwa na viongozi wake, na kila kiongozi alikuwa na wivu wake. Tarehe 25 Juni 1962 vyama hivyo viliungana hapa Dar es Salaam, ikazaliwa FRELIMO. Mondlane akachaguliwa kuwa rais, na Mchungaji Uria Simango kuwa makamu wake. Mkutano mkuu wa kwanza ulifanyika hapa hapa mjini, Septemba mwaka huo. Mwaka 1963 Mondlane aliacha ualimu wa Marekani akahamia Dar es Salaam.

Mji wetu wakati ule ulikuwa kama kituo kikuu cha wapigania uhuru. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake hapa mwaka 1963, na vyama vya Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe na Angola vilikuwa na ofisi zao katika mitaa ya katikati ya mji. Ofisi ya FRELIMO ilikuwa Mtaa wa Nkrumah, namba 201. Kijana anayetaka kupafahamu na atoke sokoni Kariakoo, ashuke na Mtaa wa Uhuru, apite viwanja vya Mnazi Mmoja mpaka Mnara wa Saa. Pale utaona barabara mbili zinakutana. Moja ni Mtaa wa Nkrumah. Ya pili ni Barabara ya Samora, iliyopewa jina la Samora Machel, ambaye alifika Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana wa kujiunga na chama. Watu hupita pale kila siku wakigombea daladala, na ni wachache wanaojua kwamba wamepita penye ukurasa mzima wa historia ya Msumbiji.

Katika ofisi ile silaha kubwa ilikuwa mashine ya kupiga chapa. Jarida la chama kwa Kiingereza, Mozambique Revolution, lilitolewa hapa tangu mwaka 1963, likibeba anwani ya Sanduku la Posta 15274, Dar es Salaam. Kutoka mtaa ule barua zilikwenda Algeria, ambako wapiganaji wa kwanza walifunzwa. Zilikwenda Uchina na Urusi kuomba silaha, Sweden kuomba fedha za shule, na kwa makanisa ya Marekani kuomba msaada wa wakimbizi. Kwa mkono mmoja Mondlane aliwaandikia wakomunisti na kwa mkono wa pili akawaandikia wachungaji, na pande zote mbili zilimjibu. Kule Kurasini ilijengwa Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi, ambayo iliongozwa na mkewe Janet. Kule Kongwa, na baadaye Nachingwea, wapiganaji walifanya mazoezi. Tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza za vita vya ukombozi zikalia kule Chai, katika jimbo la Cabo Delgado.

Sasa nieleze jinsi karatasi moja ya kazi hiyo ilivyonifikia. Wazee wenzangu mnakumbuka kwamba karanga, vitumbua na dagaa vilifungiwa karatasi za maofisini. Kila ofisi iliyohama au iliyofungwa iliuza makaratasi yake kwa kilo, na mengi yalifika Kariakoo. Mtu akila karanga zake Mtaa wa Msimbazi aliweza kusoma mshahara wa karani asiyemjua. Miaka mingi ya historia ya nchi hii imeliwa pamoja na chumvi. Katika fungu moja la aina hiyo, nililolinunua kwa muuza makaratasi jirani na soko, ilikuwamo barua moja ya FRELIMO ya katikati ya miaka ya 1960, yenye kutu ya pini kwenye pembe na saini ya Mondlane chini. Haina siri yoyote. Ni barua ya kushukuru kwa mchango wa nguo na mablanketi.

Nilipowaonyesha wakusanyaji wenzangu, mmoja aliipindua akaisoma, akanirudishia kwa adabu, kwa maana kwamba haikuwa na maajabu. Mimi niliiweka mezani nikaitazama jioni nzima. Hapa palikuwa na rais wa chama chenye vita, mwenye majeshi ya Wareno mbele yake na magomvi ya wenzake nyuma yake, naye alikaa akatia saini kwa mkono wake kumshukuru mtu kwa mablanketi. Aliyeyatoa asingesahau. Mwaka uliofuata angetoa tena. Hivyo ndivyo chama cha wakimbizi kilivyopata kuwa serikali.

Mwaka 1968 ulikuwa mgumu kwake. Machi kulizuka vurugu kati ya wanafunzi na uongozi katika shule ya Kurasini, ikafungwa. Moja ya mambo yaliyogombewa lilikuwa kama kijana msomi anawajibika kwenda vitani pamoja na wakulima, au aendelee na masomo yake ughaibuni. Mondlane, ambaye elimu ilikuwa imemfikisha kote alikofika, alishikilia kwamba msomi hana ruhusa ya kujitenga na watu wake. Mei mwaka huo ofisi ya Mtaa wa Nkrumah ilivamiwa, na Mateus Sansão Muthemba, mmoja wa wafanyakazi wa chama, akapigwa hata akafa. Julai mkutano mkuu wa pili ulifanyika Matchedje, jimbo la Niassa, ndani ya ardhi iliyokwisha kukombolewa, na Mondlane akachaguliwa tena. Mwezi Desemba kamanda Paulo Kankhomba aliuawa karibu na mto Ruvuma. Adui hakuwa upande mmoja tu wa mto.

Jumatatu tarehe 3 Februari 1969, Mondlane alichukua barua zake ofisini, akaenda nazo katika nyumba ya rafiki wa familia huko Oyster Bay, alikopenda kufanyia kazi kwa utulivu. Miongoni mwa barua hizo kulikuwa na kifurushi cha kitabu cha Plekhanov, mwanafikra wa Kirusi. Alipokifungua, kikalipuka. Alikuwa na umri wa miaka 48. Waliomtengenezea mtego walimjua vizuri: walijua kwamba mtu huyu akiletewa kitabu atakifungua. Alizikwa katika makaburi ya Kinondoni, Mwalimu Nyerere akiwapo pamoja na umati wa watu. Mabaki yake yalihamishiwa baadaye Maputo, katika Uwanja wa Mashujaa.

Polisi wetu wa upelelezi, wakisaidiwa na polisi wa nchi nyingine, walifuatilia vipande vya bomu. Betri zake zilitengenezwa Osaka, Japani, na njia yake ikaelekea katika duka moja la Lourenço Marques. Vifurushi vingine vya namna ile vilivyopelekewa viongozi wa FRELIMO vilitambuliwa kabla havijaua. Watafiti wengi wameonyesha kidole polisi wa siri wa Wareno, PIDE, na fundi wao Casimiro Monteiro, aliyehusika pia na mauaji ya Jenerali Humberto Delgado mwaka 1965. Walitajwa pia watu wa ndani ya chama. Lakini hakuna aliyefikishwa mahakamani akahukumiwa kwa mauaji ya Mondlane.

Ni kwa sababu kesi haikupata hukumu kwamba biashara ya karatasi za kifo chake imekuwa na moto. Mtu mmoja alinifuata mtaani, Kariakoo, akiwa na kipande cha karatasi ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni. Alidai kuwa ni sehemu ya kifurushi chenyewe, na bei aliyoitaja ingenunua bati za kuezekea nyumba. Nilimweleza kwa upole kwamba vipande vya kifurushi kile vilikuwa ushahidi wa polisi, na kwamba hata kama kingekuwa cha kweli nisingekinunua. Mwaka ule wa 1969 mimi nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, na nakumbuka walimu wetu walivyosikiliza redio bila kusema neno. Sioni sababu ya kuweka kabatini kipande cha chombo kilichowanyamazisha walimu wangu.

Kwa wale watakaopenda kukusanya, nawapeni mambo machache ya kutahadhari nayo, kwa sababu wenye kughushi wapo, na wanaishi kwa haraka ya mnunuzi. Kwanza, tazama majina ya mahali. Jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964, kwa hiyo barua ya mwaka 1963 yenye Tanzania katika anwani ni ya uongo. Hali kadhalika Lourenço Marques iliitwa Maputo mwaka 1976, na barua ya Mondlane inayotaja Maputo kama jina la mji haiwezi kuwa yake. Pili, tazama karatasi. Maofisi ya wakati ule yalitumia zaidi fulskepu; A4 zilienea baadaye, na barua ya 1964 iliyopigwa chapa juu ya A4 ni ya kutiliwa shaka. Tatu, geuza karatasi. Saini ya kalamu ya risasi au ya wino wa tyubu huacha mfereji unaoweza kuusikia kwa kidole upande wa pili, bali saini ya mhuri wa mpira hailingani na mkono wa mtu, na ya fotokopi haina mfereji kabisa. Nne, linganisha tarehe na maisha ya mtu. Kitabu chake mashuhuri juu ya mapambano ya Msumbiji kilitolewa Uingereza na Penguin mwaka 1969, baada ya yeye kuzikwa. Nimekwisha kuonyeshwa nakala ya kitabu hicho yenye saini ya Mondlane ndani yake. Marehemu hatii saini.

Ipo sababu nyingine ya kunifanya nisipende kuipa sifa bomu lile. Njia ile iliyotumiwa kumwua Mondlane ilitumiwa tena. Mwaka 1976 chuo kikuu cha Maputo kilipewa jina la Eduardo Mondlane. Tarehe 17 Agosti 1982, ndani ya chuo hicho hicho, Ruth First, mwandishi na mtafiti kutoka Afrika Kusini, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta, akafa palepale. Safari hii waliokituma walikuwa watumishi wa serikali ya Makaburu. Wauaji wa namna hii huwachagua wanaosoma na kuandika, na mkusanyaji anayelipa zaidi kwa bomu kuliko kwa barua anawapa ushindi mdogo ambao hawakustahili.

Baada ya Mondlane uongozi ulishikwa kwanza na watu watatu, Simango, Machel na Marcelino dos Santos. Simango akatengwa baada ya ugomvi, na mwaka 1970 Samora Machel akawa rais wa chama. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru, miaka 13 kamili tangu ile siku vyama vitatu vilipoungana hapa mjini kwetu. Kila tarehe 3 Februari Wamsumbiji huadhimisha Siku ya Mashujaa.

Karatasi zake zimetawanyika. Chuo cha Oberlin kinatunza mkusanyiko uliowekwa kwa heshima yake, uliotokana na rafiki yake Herbert Shore, ambaye aliwahi kufundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni jambo jema, lakini kijana wa Gerezani hana nauli ya Ohio. Karatasi zilizobaki hapa, katika masanduku ya bati chini ya vitanda vya wazee wetu, ndizo ninazoziwazia. Wapo waliokuwa madereva, wapiga chapa, wauguzi, walimu na makarani wakati wa ukombozi. Wanapofariki, wajukuu hufagia vyumba. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wafanyabiashara walipoteza mali pamoja na daftari na stakabadhi za miaka, na tuliona jinsi usiku mmoja unavyotosha.

Kwa hiyo nimekwisha kuamua juu ya barua yangu ya mablanketi. Mnunuzi mmoja kutoka nje alinipa bei nzuri, na pensheni ya karani ninyi wenyewe mnaijua. Nililala juu ya jambo hilo siku kadhaa, na nyumbani kwangu halikukosa mjadala, maana paa letu linavuja. Hatimaye nimeona kwamba barua iliyoandikwa Mtaa wa Nkrumah na kuokolewa Kariakoo haina haja ya kupanda ndege. Nitaikabidhi Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, ambako mwanafunzi yeyote anaweza kuomba kuisoma. Nakala yake nitaitolea fremu kwa ajili ya maktaba ya shule yetu. Paa tutaliziba kwa njia nyingine.

Nawaombeni nanyi, ndugu zangu, kabla ya mkutano wetu ujao, kila mmoja afungue sanduku moja la nyumbani kwao. Ukikuta karatasi yenye saini, usiikunje tena, usiibandike kwa gundi wala utepe, usiandike juu yake. Iweke ndani ya bahasha safi, andika pembeni ulipoipata na ilikuwa ya nani, kisha uje nayo. Makarani wa zamani tumo wengi humu chamani, na tutasaidiana kuzisoma na kuzifikisha panapostahili.

Na ninyi wadogo zangu, mkipita Mnara wa Saa, angalieni upande wa Mtaa wa Nkrumah. Mtu aliyeanza kusoma akiwa amekwisha kuchunga mifugo kwa miaka alikuja kufanya kazi pale kwa kalamu yake, na nchi nzima ikapata uhuru. Someni, na mnachokiandika kitieni tarehe.

Nawatakieni mkutano mwema.